Weusi wa Asali: Ua au Moto?

Haya ni maneno niliyoyasema Jumamosi moja alasiri katika ukumbi mdogo wa Mji wa Kale, Mombasa, mbele ya warina asali, wauza asali na majirani waliofuata harufu ya kahawa. Nimeyaandika upya kwa sababu waliokaa nyuma, karibu na feni, walilalamika kwamba hawakusikia nusu yake. Mizaha mingine nimeiacha kule kule ukumbini.

Assalamu alaykum, mama zangu, baba zangu, na nyinyi vijana mlioketi madirishani kana kwamba ndani kuna deni. Karibuni. Mimi ni mwalimu wa kemia, na kama wanafunzi wangu walivyokwisha kuwaambia, sijui kuanza somo bila ya kuwapa watu kazi. Basi kazi yenu ya kwanza ni hii.

Mezani pana chupa tatu za asali. Hii ya kwanza ni nyeupe, rangi ya chai iliyotiwa maji mengi. Ni asali ya bara, ya nyanda za migunga. Hii ya pili ni nyeusi, ya huku huku pwani, imerinwa kwenye mizinga iliyo ukingoni mwa mikoko. Hii ya tatu pia ni nyeusi, na ilikotoka nitawaambia baadaye. Msionje. Tazameni tu, halafu mniambie: ukiwa na fedha ya chupa moja, na nyumbani una mgonjwa wa kifua, utachukua ipi?

(Mikono ilipoinuliwa, chupa ya kwanza ilipata watu wawili, mmoja wao binti yangu. Ya pili na ya tatu ziligawana waliobaki, na ya tatu ikashinda kwa kura chache.)

Vizuri. Nilivitaraji. Sisi Mombasa twaamini asali nyeusi. Mtu akija na asali nyeupe Marikiti huulizwa kama amechemsha sukari. Akija na nyeusi, huombwa apunguze bei kidogo tu, kwa adabu. Na imani hiyo ina msingi, siji kuivunja. Nimekuja kuwaonyesha inapoishia.

Tuanze na kutu. Hakuna mtu wa mji huu asiyeijua kutu. Bati la Nairobi laweza kumzika aliyeliezeka. Bati la hapa, na upepo huu wa chumvi, laanza kuvuja kabla mwenye nyumba hajamaliza kulipa fundi. Kutu ni chuma kupokonywa elektroni na oksijeni. Kitu cha namna hiyo hiyo hutokea mwilini. Chakula kinapochomwa ndani yetu ili tupate nguvu, hutoka vipande vya molekuli vilivyopungukiwa na elektroni moja. Wanakemia huviita radikali huru. Kipande kama hicho hakitulii. Humpokonya jirani elektroni, jirani naye akabaki na pengo, akampokonya wa tatu, na ugomvi ukaenda nyumba hadi nyumba, mpaka ukafika kwenye mafuta ya kuta za seli au kwenye DNA yenyewe. Antioksidanti ni yule mzee wa mtaa anayetoa elektroni yake mwenyewe, kisha akatulia. Hadai, hapokonyi. Ugomvi unakoma kwake.

Asali ina wazee kama hao, na wengi wao hawakutoka kwa nyuki, walitoka kwenye maua. Mmea hujitengenezea kemikali za jamii ya fenoli ili ujikinge na jua kali, wadudu na ukungu. Nyuki anaponyonya mbochi, yaani maji matamu ya ua, hubeba na hizo kidogo kidogo. Nyingine hutoka kwenye chavua, nyingine kwenye ulimbo anaozibia nyufa za mzinga. Ndimo mnamopatikana flavonoidi kama kwesetini, kemferoli na krisini, na asidi kama ya galiki na ya kafeki. Kila mmea una mchanganyiko wake. Asali ya mchu, ambao ni mmoja wa mikoko, haiwezi kufanana na ya mkanju, wala ya mkanju na ya mwembe, hata mizinga ikiwa imepangwa safu moja. Na fenoli nyingi, pamoja na madini, huitia asali rangi. Kwa hivyo, mkichukua asali nyingi mbichi za namna mbalimbali mkazipima, mtaona kwa jumla kwamba zilizo nyeusi zina fenoli nyingi kuliko nyeupe. Sura ya An-Nahl, aya ya 69, inataja kinywaji kitokacho matumboni mwa nyuki, chenye rangi mbalimbali, ambacho ndani yake mna shifaa kwa watu. Mimi si shekhe, sitafasiri. Ila kila nikipima rangi ya asali, yale maneno ya rangi mbalimbali hunijia.

Rangi yenyewe hupimwa kwa mizani ya Pfund, inayohesabu kwa milimita. Chini ya 8 ni nyeupe kama maji. Juu ya 114 ni nyeusi. Chupa zangu mbili hizi nyeusi hazipishani sana.

Sasa njoni karibu, wale wenye macho mazuri. Vichupa hivi vitatu vina kitu kiitwacho DPPH kilichoyeyushwa kwenye methanoli. Msiviguse, methanoli ni sumu. DPPH ni radikali huru ya ajabu: ina pengo lake la elektroni, lakini imetulia kiasi cha kuweza kununuliwa ikiwa unga na kuwekwa kwenye friji. Rangi yake mwaiona: zambarau, ile ya kumchafua mtoto kanzu msimu wa zambarau. Ikipewa elektroni na antioksidanti, zambarau hufifia ikawa manjano. Maabara hutumia mashine inayopitisha mwanga wa nanometa 517 na kusoma ni kiasi gani cha zambarau kimebaki. Sisi leo tutatumia macho. Nimekwisha kuzimua asali zangu kwa maji, zote kwa kipimo kimoja. Natia tone kwa tone. Tungoje nusu saa, na gizani, kwa sababu mwanga nao huichezea.

Tukingoja, niwaambie jambo ambalo wauzaji hawatalipenda, nami nawapenda wauzaji.

Mtu akinywa kijiko kikubwa kimoja cha asali, amekunywa gramu 20 hivi. Fenoli zote zilizomo katika kijiko hicho ni miligramu chache, au kumi na kitu ikiwa asali ni nyeusi kweli. Yule mzee anayepita na dele lake la kahawa tungu, akigonga vikombe, kila kikombe chake kina fenoli kupita kijiko chako cha asali. Chai ya rangi vivyo hivyo. Kwa hivyo mtu akikuuzia asali kwa bei ya dhahabu kwa sababu ya neno antioksidanti peke yake, mwambie huyo mzee wa kahawa akuuzie kwa hiyo bei na yeye, tuone. Asali ni sukari. Sukari nzuri, yenye sahaba wema, lakini sukari: kama asilimia 38 fruktosi, asilimia 31 glukosi, maji asilimia 17 au 18, na kilichobaki ni sukari nyingine, asidi, madini, protini na hizo fenoli. Mwenye kisukari ahesabu kijiko chake kama anavyohesabu kijiko cha sukari. Nasikia watu wakiambiwa kwamba asali haipandishi. Inapandisha.

Mbona basi nimewaiteni Jumamosi nzima? Kwa sababu uzuri wa asali hauko kwenye fenoli peke yake, uko kwenye mpango mzima. Maji yamo, lakini sukari imeyashika yote hata kijidudu hakipati la kunywa. Asidi imo. pH yake ni kama 3.9 kwa wastani, ukali unaokaribia wa matunda, lakini ulimi haujui kwa sababu utamu umeufunika. Asidi iliyo nyingi zaidi ni ya glukoni, na hiyo hutengenezwa na kimeng'enya ambacho nyuki huyu mfanyakazi anakitoa kwenye tezi zake za kichwani: hugeuza glukosi kidogo ikawa asidi, na pembeni ikatoka haidrojeni peroksidi, ile ile dawa ya kusafishia vidonda, kwa kiasi kidogo sana. Kimeng'enya hicho hulala asali ikiwa nzito, na huamka ikizimuliwa, kama inavyozimuliwa na majimaji ya kidonda. Ndiyo maana hospitali zina bandeji za asali iliyotayarishwa mahsusi. Iliyotayarishwa mahsusi, nasema. Ile ya chupa ya soda kutoka sokoni usiitie kwenye kidonda.

Vimeng'enya hivi ni protini, na protini na moto hazikai nyumba moja.

Hapo ndipo ninapopataka. Mwili wa asali una saa ndani yake. Fruktosi ikikaa katika asidi huvunjika pole pole, ikawa kitu chenye jina refu, haidroksimethilifafuro. Tuiite HMF kama wanavyoiita maabara, tusikae hapa mpaka magharibi. Asali iliyotoka mzingani leo ina HMF karibu na sifuri. Kila siku inapanda, na joto ndilo linaloizungusha hiyo saa. Takwimu za zamani za maabara, ambazo bado hutumiwa kote, zasema hivi: ili HMF ifike miligramu 30 kwa kilo, asali iliyo kwenye nyuzi 30 huhitaji siku 150 hadi 250. Kwenye nyuzi 40, siku 20 hadi 50. Kwenye nyuzi 50, siku nne u nusu hadi tisa. Kwenye 60, siku moja hadi mbili na nusu. Kwenye 70 ni saa, tano hadi kumi na nne.

Sasa fikirini mji wetu. Nyuzi 30 kwetu si joto, ni kivuli. Duka la mabati saa nane mchana mwezi wa Februari, kaskazi ikivuma, hupita 40 bila ya kuuliza. Dirisha la matatu, sijui niseme nini. Mrina asali wa Mwingi au Baringo akiweka debe lake chini ya kitanda ana muda. Wewe ukiliweka hilo hilo debe stoo ya Kongowea huna. Kimeng'enya cha diastasi, kile cha kuvunja wanga, nacho huanguka hivyo hivyo: kwenye nyuzi 30 nusu yake hupotea kwa siku 200 hivi, na kwenye 60 kwa siku moja.

Viwango vya kimataifa vya chakula, viitwavyo Codex, vinataka HMF isipite miligramu 40 kwa kilo. Sisi wa nchi za joto tumeongezewa mpaka 80, na diastasi isiwe chini ya 8 kwa kipimo chake. Wapo warina wanaojivunia kwamba wako chini ya 80. Kisheria wako salama. Mimi nikiona 70 kwenye asali iliyorinwa mwezi uliopita, najua kuna mtu alikuwa na jiko. Na kabla hamjaogopa: HMF ya kiasi hicho si sumu. Kwenye kahawa tunayoinywa sasa hivi imejaa tele. Kwenye asali yenyewe ni saa tu, inakwambia ni muda gani na moto kiasi gani umepita. Nayo ni saa nzuri kuliko maneno yangu au yako.

Mtu atauliza, kwani nani anachemsha? Wengi, na kwa nia njema. Ukiikamua asali kutoka kwenye masega ya mzinga wa gogo, imechanganyika na nta, chavua na miguu ya nyuki. Njia ya haraka ni sufuria: nta inaelea, asali inabaki chini, unachuja mara moja umemaliza. Nyanya yangu alifanya hivyo maisha yake yote. Njia ya subira ni kuyakata masega, kuyaacha yachuruzike kwenye kitambaa ndani ya ndoo iliyofunikwa, usiku mmoja au mitatu, mahali pa joto la kawaida. Kwetu hapa joto la kawaida latosha. Hiyo ndiyo faida pekee tuliyonayo juu ya watu wa Nyandarua, nasi tunaitupa kwa makaa.

(Hapo nusu saa ilikuwa imekwisha. Niliinua vichupa juu, mkabala na dirisha.)

Tazameni. Kichupa cha kwanza, cha asali nyeupe, bado kina zambarau, imefifia kidogo tu. Cha pili ni manjano kabisa, kama maji ya manjano ya pilau. Na cha tatu? Hakikufika cha pili, lakini kimekipita cha kwanza kwa mbali sana. Mwaona?

Haya. Chupa ya tatu ni ile ile ya kwanza.

Nimeinunua kwa mtu mmoja, siku moja, kutoka debe moja. Nusu nimeiacha. Nusu nimeitia kwenye sufuria ndogo ndani ya sufuria kubwa ya maji yanayochemka, nikaibandika siku mbili, asubuhi hadi alasiri. Mume wangu alidhani napika halua, akawa anapita jikoni na kisahani. Sukari na asidi za amino zilipochomana, zikageuka kahawia, mambo yale yale yanayoupa mkate ganda lake na kahawa weusi wake. Na mabaki hayo ya mchomo, ndugu zangu, nayo hutoa elektroni. Nayo huifuta zambarau. Kipimo cha antioksidanti hakijui kama elektroni imetoka kwenye ua la mchu au kwenye jiko la mwalimu. Kile kipimo kingine maarufu, cha Folin, kinachogeuka buluu na kuhesabu fenoli kama asidi ya galiki, nacho hudanganywa: sukari zenyewe hukisukuma, vitamini C hukisukuma.

Nilipoipima HMF ya chupa hii ilikuwa imepita kiwango mbali hata nikasita kuiandika. Vimeng'enya, hakuna. Peroksidi, hakuna. Ile saa imekwisha kugonga. Na ndiyo iliyoshinda kura zenu.

Kwa hivyo mtu akikuletea karatasi ya maabara iliyoandikwa antioksidanti nyingi, isome kwa heshima, halafu mwulize: HMF yake ni ngapi, diastasi yake ni ngapi? Asali nyeusi yenye HMF ndogo imepata weusi wake kwa maua. Asali nyeusi yenye HMF kubwa imepata weusi wake kwa moto, au kwa umri, au kwa yote mawili.

Baada ya moto, maji. Hapa nitasema kisa changu mwenyewe, maana nilianza ufugaji kwa kujiona msomi. Nilikuwa na mizinga miwili kwa binamu yangu Mikindani, karibu na hori la Tudor. Masika ikaingia, masega yakaonekana mazito, nikarina. Nusu ya vyumba vilikuwa havijazibwa kwa nta, nikasema haidhuru, asali ni asali. Nikajaza chupa za plastiki, nikazipanga kabatini. Wiki ya nne nikasikia mlio. Kizibo kilikuwa kimegonga dari, na asali inateremka kwenye vitabu vya kemia vya kidato cha tatu. Chupa nyingine zilikuwa zimevimba kama puto. Hamira ilikuwa imefanya kazi yake.

Mbochi ikitoka kwenye ua huwa na maji mengi, mara nyingi zaidi ya nusu yake. Nyuki huitandaza kwenye masega na kuipepea kwa mbawa usiku kucha mpaka maji yafike 18 hivi, ndipo wanapoziba. Wakiziba wamekwambia iko tayari. Chini ya asilimia 17 hamira haifurukuti. Ukipita 19 au 20 ni suala la siku tu, na Codex imeweka ukomo kwenye 20. Lakini asali pia huvuta maji kutoka hewani. Asali ya maji asilimia 18 hutulia kwenye hewa yenye unyevu wa karibu asilimia 60. Unyevu wa Mombasa mara nyingi huwa juu ya 70. Maana yake ndoo yako ikiachwa wazi hapa, inakunywa. Inakunywa usiku, inakunywa mchana, na safu ya juu ndiyo inayochacha kwanza. Rina masega yaliyozibwa robo tatu au zaidi, rina siku kavu, na funika. Katika mambo yote niliyosema leo hili ndilo la bei rahisi kuliko yote.

Na wale mlio na rifraktomita, ile darubini ndogo ya kupimia maji: vifaa vingi vimesawazishwa kwa nyuzi 20. Chumba chenu ni nyuzi 30. Asali ikipata joto hupinda mwanga pungufu kidogo kuliko kawaida, na kifaa kisichojirekebisha kitakusomea maji yaliyozidi kwa karibu asilimia moja. Najua kundi moja la warina waliorudishiwa asali yao kwa kusomewa 20 na nusu, na huenda haki yao ilikuwa 19 na nusu. Mwulizeni mnunuzi kama kifaa chake hurekebisha joto. Mkimwona anababaika, mmepata jibu.

Kuna asali moja nitaitetea mbali na kanuni hii, nayo ni ya nyuki wadogo wasiouma. Ile kwa maumbile yake ina maji asilimia 25 na zaidi, na ni kali kidogo. Ukiipima kwa kiwango cha nyuki mkubwa utaiita mbovu, na si mbovu. Ina sheria zake. Ihifadhini kwenye baridi tu.

Mambo ya mtaani tuyapite upesi. Kiberiti kilichochovywa kwenye asali kikiwaka, kimekwambia asali haina maji mengi. Shira nzito ya sukari nayo itawaka. Tone likizama kwenye glasi ya maji bila kuyeyuka, ni uzito huo huo. Gazeti lisilolowa, hivyo hivyo. Siafu na sisimizi wakikataa, huenda wameshiba. Mzani ni bora kidogo: lita moja ya asali nzuri huwa na kilo 1.4 na zaidi, kwa hivyo iliyotiwa maji itajulikana, lakini iliyotiwa shira ya sukari guru haitajulikana. Kuijua sukari ya muwa kunahitaji maabara kubwa. Muwa na mahindi hujenga sukari yao kwa njia tofauti na mimea mingi ya nyuki, wakaacha alama kwenye kaboni yake, kaboni 13 dhidi ya kaboni 12, na mashine huisoma hiyo alama. Wajanja wa duniani wakahamia kwenye shira ya mchele, ambayo haina alama hiyo. Na bado mbio zinaendelea.

Neno moja zito, halafu maswali. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka asilambishwe asali. Hata kidogo, hata ikiwa safi kuliko zote zilizo mezani hapa. Asali yaweza kubeba mbegu za bakteria wa botulizimu. Tumbo la mkubwa huzishinda, la mchanga haliziwezi, na ugonjwa wake hulegeza misuli mpaka ya kupumulia. Kupika hakuziui mbegu hizo. Mnaofanya tahniki, yaani kumlambisha mtoto mchanga kitu kitamu, tende ndiyo iliyopokewa tangu mwanzo. Tende inatosha.

(Maswali yalikuwa mengi. Nimeandika matatu.)

Mama mmoja wa Kuze aliuliza: mwalimu, asali niliyoletewa kutoka Nairobi imeganda yote kama samli, si wametia sukari?

Hapana, mama. Kuganda ni glukosi iliyochoka kusubiri. Asali yenye glukosi nyingi huganda mapema, na baridi ya nyuzi 14 hivi ndiyo inayoipendeza zaidi. Kwetu joto huichelewesha, ndiyo maana tunaistaajabia. Iweke chupa kwenye beseni la maji yanayoweza kuvumiliwa na mkono wako, uwe na subira. Maji ya kuchemka usitie.

Kijana mmoja mrina kutoka Jomvu: sisi hatuna maabara. Nifanye nini Jumatatu?

Fanya mawili, mwanangu. Andika tarehe ya kurina kwenye kila chupa, na uitoe ndoo chini ya mabati uipeleke chini ya makuti au ndani ya nyumba ya mawe, mahali pa kivuli. Ukipata senti, changeni kundi zima mnunue rifraktomita moja. Na sampuli moja kwa msimu pelekeni zikapimwe HMF. Karatasi hiyo ikiwa nzuri itakuuzia kuliko neno lolote utakaloandika kwenye lebo.

Wa mwisho alikuwa mzee aliyekuwa ameipigia kura chupa ya tatu kwa mikono miwili, na alikuwa bado ananiangalia kama mtu aliyeuziwa mbuzi kwenye gunia. Akauliza: na hiyo chupa uliyoiunguza, utaitupa?

Sitaitupa, baba. Jumapili nakaanga kaimati. Shira sina haja ya kuipika, nimekwisha kuipika siku mbili. Karibu nyumbani baada ya alasiri, na mume wangu atafurahi kuona sufuria ile mwishowe imeleta kitu.